Siku Mtani Alipomzika Baba

Mimi ni fundi cherehani wa Chemchem, Tabora mjini, na kwa kawaida kitu kirefu kuliko vyote ninachopanda ni kigoda cha kufikia rafu ya vitambaa. Kwa hiyo niliposikia kwamba nimepatiwa kiti kwenye ndege ndogo ya kwenda kambi ya uwindaji, huko porini mbele ya Usinge, nilicheka. Halafu nikaona wadogo zangu hawacheki.

Habari yenyewe ilikuja kwa simu. Baba yetu alikuwa mfuata nyayo wa kambi ile. Kazi yake ilikuwa kusoma udongo na majani, na kuwaongoza wageni wawindaji mpaka kwa mnyama waliyemkatia kibali. Kazi hiyo aliifanya tangu sijaolewa, akaendelea nayo nilipoolewa, na nilipoachika alikuwa bado yuko huko huko. Safari hii mpishi wa kambi alitutumia picha. Mguu wa kulia wa baba, kuanzia kwenye kifundo kushuka chini, ulikuwa umevimba mpaka unang'aa, na pembeni palikuwa na kidonda ambacho sitakieleza, maana huenda unasoma huku unakula. Chini ya picha mpishi aliandika: "Kijiti kilimchoma. Anasema ni kitu kidogo. Njooni."

Baba ana sukari. Nilimpelekea picha ile daktari mmoja ambaye namshonea suruali, naye hakuzungusha maneno. Alisema mzee aletwe upesi. Mguu bado unaokoleka, lakini akiendelea kukaa huko, siku atakapoletwa itabaki kazi ya kukata tu. Alinieleza hayo nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze.

Gari halikuwezekana. Mvua zilikuwa zimewahi, na kabla ya kufika kambini kuna mbuga ya udongo mweusi ambayo ikishalowa inameza gari mpaka kwenye vioo. Hata kabla ya mvua, gari lilikwisha kutumwa kumchukua baba na halikumpata. Mtu aliyeishi maisha yake yote akiwatafuta waliojificha anajua vizuri namna ya kujificha. Mkuu wa kambi, mwenye huruma lakini pia mwenye kazi nyingi, alichoka kumsaka mzee vichakani. Akasema ndege inayopeleka mboga ina nafasi ya mtu mmoja, basi aje mtoto wake mwenyewe amsemeshe. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo tulibaki sisi. Wadogo zangu walikaa kikao cha familia, wakanywa chai yangu, wakanichagua mimi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mimi ndiye mkubwa. Sababu ya kweli ni mdomo wangu.

Kumbe ndege ndogo inakupima kama gunia la mpunga. Pale uwanjani rubani, mwanamume wa rika langu mwenye kofia ya kaki na miwani ya jua ingawa jua lenyewe halikuwepo, aliniambia nipande kwenye mizani na mzigo wangu mkononi. Nikapanda. Akasoma kilo zangu kwa sauti ambayo watu wa zimamoto upande wa pili wa uwanja waliisikia, mmoja wao akageuka kunitazama. Kilo zenyewe siziandiki hapa.

"Dada, wewe kabila gani?" akaniuliza.

"Mnyamwezi."

Akavua miwani. "Nilijua tu! Mpagazi wangu huyu! Sasa mbona mzigo umeushika mkononi kama bibi harusi? Uweke kichwani, tukutambue."

"Na wewe je?"

"Mzaramo."

Hapo mambo yakawa mengine kabisa. Kwa asiyekulia kwetu, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu zama za misafara. Babu zetu walitoka huku Tabora na pembe za ndovu mabegani, wakatembea mpaka pwani, na kabla ya kuiona bahari ilibidi wapite kwa Wazaramo. Pande zote mbili zilitafuta namna ya kuishi bila kuuana, zikachagua kutukanana. Mtani ana ruhusa ya kukusema atakavyo na kuchukua chako ukiwa unamtazama, na hata msibani kwenu anaweza kuja kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka waliao wacheke. Wewe ukikasirika, umeaibika. Tena neno la mtani halilazwi. Analirusha, unalijibu papo hapo, na Mnyamwezi aliyekosa jibu mbele ya Mzaramo atasimuliwa mpaka kwa wajukuu zake.

Rubani alifungua kikapu changu bila kuomba. Ndani kulikuwa na matobolwa niliyomwandalia baba, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo angeviacha kwa ajili ya kitu kimoja tu, nacho sikijui. Nilikuwa nimepanga kumtega navyo. Rubani akachota kiganja kizima, akatafuna, akasema ndege imezidi uzito kwa hiyo ananisaidia kupunguza.

"Kula, mtumwa wangu," nikamwambia. "Najua kwenu mlo ni mara moja, siku ya ngoma."

Alicheka mpaka akapaliwa, nami nikapata moyo wa kupanda.

Ndani hakukuwa na abiria mwingine. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa, na mahali pake palijaa kabichi, trei za mayai, katoni za maji na tairi moja la gari. Mimi nilifungwa mkanda mbele, kando ya rubani, na usukani wa pili ulikuwa unanigusa magoti. Niliambiwa nisishike kitu chochote. Tulipoinuka nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na zilipokwisha nikatunga nyingine.

Nilipofumbua macho, mji ulikuwa umeisha. Tulikuwa tunafuata reli ya Kigoma kwenda magharibi, mashamba ya tumbaku chini yetu, na upande wa kulia, mbali kidogo, vijiji vya Ulyankulu vikitoa moshi wa asubuhi. Tulivaa spika za masikioni ili tusikilizane, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kosa.

"Unaiona hiyo reli?" rubani akasema. "Kabla yake hapo palikuwa na njia yenu ya misafara. Babu zako wamepita hapo chini wakitoka jasho. Leo wewe umekaa kitako, na Mzaramo ndiye anayekubeba. Sema asante."

"Babu zangu waliijenga pwani yenu kwa mabega. Ninyi mlikuwa mmelala mnausubiri mzigo."

"Tulikuwa tunausubiri kwa makini sana."

Baadaye aliniuliza ninakwenda kufanya nini porini, nami nikamweleza. Kuhusu kijiti, sukari, na daktari aliyesema itabaki kazi ya kukata. Utani ukamtoka usoni. Akanyoosha kidole kwenye mawingu meusi yaliyokuwa yamejipanga upande wa kusini, akasema akishusha mboga tu anageuza. Mvua ikiukuta uwanja wa kule, ambao ni udongo mtupu, ndege haitoki mpaka udongo ukauke, na kwa msimu huu hakuna anayejua utakauka lini.

"Kwa hiyo mzee awe tayari tukifika."

"Baba hayuko tayari," nikamwambia. "Hata hajui kwamba ninakuja."

Alinigeukia polepole, nami nikamwomba atazame mbele.

Juu ya kambi hakutua moja kwa moja. Alishuka chini kabisa, akapita juu ya uwanja kwa kelele, na kundi la nyamera waliokuwa wanakula majani katikati ya njia wakatawanyika. Ngiri mmoja alibaki amesimama anatutazama, mkia juu. Ikabidi dereva wa kambi atoke na gari kumfukuza, huku sisi tukizunguka na mimi nikirudi kwenye dua. Mara ya pili tulitua. Mayai mawili yalivunjika, na rubani akasema ni kwa sababu ya uzito wangu.

Nilimkuta baba ndani ya jiko la kambi, amekaa kwenye benchi la mbao, mguu wake umo ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alikuwa amekonda. Koti lake la kazi la kijani na kofia yake vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari ukutani, vimefuliwa vizuri na kupigwa pasi, kama vya mtu anayekwenda kazini sasa hivi. Nilipiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, na ndivyo alivyoniita tangu utoto. "Nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Nikatoa matobolwa yaliyosalia. Akala, akasifia, akauliza habari za wajukuu, za jirani, za bei ya unga. Kila nilipogusa mguu, yeye alikwenda kwingine. Mwisho nikasema yote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa kwa mzazi. Nikamwambia kwamba mguu unaoza. Nikamwambia daktari amesema leo ni dawa na kisu kidogo, kesho ni msumeno. Nikamwambia ndege ipo, kiti kipo, na mvua inakuja.

"Daktari huyo amenipima?"

"Ameona picha."

"Na mimi nimewahi kuona picha ya simba. Sikukimbia."

Mpishi alijifanya kukuna pua ili asicheke, kisha akatoka na sufuria lake. Baba alingoja mpaka tukabaki wawili. Akashusha sauti.

"Nisikilize, mayu. Mchuna ngozi wetu aliondoka hapa kwa ndege, mgongo ulikuwa unamuuma. Dereva wa zamani aliondoka kwa ndege, macho. Umesikia nani amerudi? Anayetoka hapa kwa gari anakwenda likizo. Anayetoka kwa ndege amekwisha. Nikipanda kitu kile, msimu ukifunguliwa hakuna atakayenipigia simu."

"Bora usipigiwe simu ukiwa na miguu miwili."

"Hayo ni maneno ya mtu anayefanya kazi amekaa," akasema.

Neno hilo liliniuma. Nilitaka kumjibu kwamba cherehani yangu ni ya kukanyaga, nami pia miguu ndiyo inayonilisha, lakini nilijikuta ninafuta macho kwa upindo wa kanga. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwogopea, na sikujua kipi kinanitoa machozi. Huko nje mboga zilikuwa zimekwisha kushushwa. Nilisikia ngurumo ya kwanza.

Rubani aliingia kuniita. Alisimama mlangoni, akautazama mguu ndani ya beseni, na aliutazama kwa muda mrefu.

"Na huyu ni nani?" baba akauliza.

"Mzaramo," nikasema.

Sijawahi kuona uso wa mgonjwa ukifunguka hivyo. Msimu mzima baba hakuwa amekutana na mtani wake, maana marubani wa mboga hushusha mzigo na kugeuza pale pale uwanjani. Pale kambini wengi walikuwa watu wa upande wa Kigoma na vijana wa Ulyankulu, na yeye alikuwa anaishi nao kwa adabu, jambo linalochosha. "Mzaramo!" akapaza sauti. "Nani amekuruhusu kuingia jikoni kabla vijiko havijafichwa?"

Rubani alinigeukia mimi, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya huzuni kabisa: "Amefariki saa ngapi?"

Kisha akapiga yowe. Lilikuwa yowe la msiba lenyewe, mikono kichwani, la kuwaita majirani. Mpishi alirudi mbio na mwiko mkononi. Wafanyakazi walitoka kwenye mahema, dereva akaacha gari lake, na mkuu wa kambi akatokeza na simu sikioni. Rubani alikuwa amekwisha kuangua koti la baba kwenye msumari na kulivaa, akaweka na kofia ya baba kichwani.

"Jamani, Mnyamwezi wangu amekufa!" akalia. "Amekufa kwa kijiti! Babu zake walibeba pembe mpaka pwani hawakufa, simba wamemwogopa hakufa, akaja kuuawa na kuni!"

"Kuni ina faida kuliko wewe!" baba alimjibu pale pale. "Ukikauka hata moto huwaki!"

Watu wakaangua kicheko. Rubani akaanza kumwigiza baba. Alikuwa amemwona kwa dakika chache tu, lakini watani wana jicho lao. Akainama kama baba anavyoinama, akaweka mikono mgongoni, akatembea akichungulia chini kwenye majivu na vumbi la pale jikoni, anatikisa kichwa, ananusa jani. Baba alikuwa anacheka huku anajipiga paja. Hata mimi nilicheka.

Halafu rubani akakunja mguu wa kulia. Akaendelea kwa mguu mmoja, anarukaruka, bado anachungulia chini. Akasimama. Akageuka nyuma, akatazama alama alizoziacha mwenyewe vumbini.

"Hebu njooni muone," akasema kwa sauti ya baba. "Mnyama gani huyu? Unyayo wa kulia siuoni. Kuna wa kushoto tu, na mwingine wa kushoto, na mwingine wa kushoto." Akazifuata akirukaruka kurudi alikotoka, mpaka zikamfikisha kwenye benchi, miguuni pa baba. Akainua uso. "Aa. Kumbe ni mimi."

Kicheko kilipungua. Vijana wengine waliendelea kidogo, wakaacha. Hakuna mtoto wake, hakuna daktari, hakuna mkuu wa kambi ambaye angethubutu kumwonyesha baba kitu hicho. Mtani peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa. Baba alizitazama zile alama. Mtu aliyesoma nyayo maisha yake yote hawezi kuacha kuzisoma, hata akitaka, na nilimwona akizisoma moja moja.

Lakini neno la mtani halilazwi, na watu walikuwa wanamngoja. Baba akajikohoza, akatafuta jibu, akalipata, na kwa bahati yetu lilikuwa zuri mno asiweze kulizuia.

"Kama nimekufa," akasema, "mbona sijabebwa? Mzaramo ni mvivu hata wa kubeba maiti! Au unangoja Mnyamwezi ajibebe mwenyewe?"

Kicheko kililipuka upya, na kwa nusu dakika baba alikuwa ameshinda. Alijinyoosha kwenye benchi, akatutazama sote kwa zamu.

"Mmemsikia marehemu," rubani akasema taratibu. "Anaomba abebwe."

Wanaume wanne walikuwa wameshashika benchi. Waliliinua na baba juu yake, beseni likamwagika, na hapo ndipo alipoelewa alichokisema. Niliona hasira ikimpanda shingoni. Ninaijua hasira ile, nimeirithi. Angekuwa amebebwa na mimi au mkuu wa kambi, angeteremka akatambaa mpaka porini. Lakini kumkasirikia mtani mbele ya kambi nzima, tena kwa mchezo aliouitikia mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe, hilo hakuwa tayari kulifanya hata kwa ajili ya mguu.

"Basi taratibu," akasema. "Marehemu ana mguu unauma."

Walimpeleka uwanjani wakiimba, mpishi akitangulia na mwiko wake. Mimi nilikuja nyuma na sanduku la bati la baba, nacheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu anayetembea kwenye njia yenye mawe. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Rubani akamkadiria marehemu uzito kwa macho, akateremsha betri mbovu za umeme wa jua zilizokuwa zipelekwe mjini, akaweka godoro nyuma. Baba alilazwa hapo mguu ukiwa juu ya mto, kichwa kikiwa dirishani. Mkuu wa kambi alimshika mkono kupitia mlangoni, akamwambia apone haraka, watamngojea. Baba alisema asante bosi, na hakumtazama.

Tuliondoka mvua ikitupiga ubavuni. Ndege ilicheza vibaya. Rubani alimrushia baba mfuko wa kutapikia, lakini baba akachukua kofia ya kaki ya rubani iliyokuwa imeachwa sakafuni, akaitumia hiyo, akatangaza kwamba ni haki yake. Rubani akamwambia kwamba maiti hatapiki. Baba akamwambia maiti wa Kizaramo ndio hawatapiki, kwa sababu hawana walichokula. Wakaendelea hivyo, na mimi nikagundua kwamba nimesahau kuogopa.

Tulipotoka kwenye mvua baba akanyamaza. Niligeuka nikamkuta amebandika paji la uso kwenye kioo. Chini yetu njia za wanyama zilikuwa zinaonekana, nyembamba na nyeupe, zikikutana kwenye maji na kuachana tena. Njia hizo alizipita kwa miguu miaka yote na hakuwahi kuziona zote pamoja. Alinionyesha moja kwa kidole, akasema kitu ambacho kelele za injini zilikichukua. Hakukirudia. Aliendelea kutazama mpaka pori likaisha na mashamba yakaanza.

Pale hospitali waliondoa vidole viwili na nyama mbovu kando ya kidonda, wakamshindilia dawa, wakamfundisha kujichoma sindano ya sukari. Mguu ulibaki. Daktari aliponiambia, nilikaa sakafuni kwenye korido nikalia kwa furaha, na nesi mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Rubani alikuja kumwona mgonjwa na kudai ubani wa mazishi. Baba alimpa vile vidole viwili, yaani alimwambia akavidai kwa daktari.

Baba alihamia kwangu Chemchem. Kidonda kilifunga, akaanza kutembea kwa fimbo uani, halafu mpaka kwenye kona, halafu akamaliza mtaa. Mimi nilikuwa ninajisifu kwa kila mteja. Nilisimulia habari za ndege na mazishi huku nikipima watu viuno, na kila mara niliongeza chumvi kidogo.

Kisha kiangazi kikaja na msimu ukafunguliwa. Asubuhi moja nilimkuta baba amefua lile koti la kijani, akalianika, na jioni akaniomba pasi. Simu yake aliiweka mezani, akaikalia karibu. Siku zikapita. Mpishi ndiye aliyenipigia mimi, kwa aibu, akasema kambi ilishafunguliwa na kwamba wamemchukua kijana wa huko huko Usinge. Nilimweleza baba wakati ananywa uji. Akaendelea kunywa uji mpaka bakuli likaisha.

"Mguu mmeuokoa," akasema. Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo neno hilo liliponipata sawasawa. "Ni mguu mzuri. Sasa niambie, mayu, nitembee nao kwenda wapi?"

Mimi ambaye nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo wangu sikuwa na jibu. Nilitazama cherehani, nikatazama dirishani, nikatazama koti la kijani kwenye msumari ambao mimi mwenyewe nilimgongelea.

"Sokoni," nikasema. "Chumvi imeisha."

Kisha akachukua fimbo, akavaa kofia, akatoka. Niliusogeza mfuko wa chumvi uliokuwa karibu umejaa, nikauficha nyuma ya debe la unga, nikakaa kushona na sikushona kitu. Alichelewa sana. Alirudi akiwa na vumbi mpaka magotini, akanieleza nani amejenga upya, nani anafuga mbwa mkali, na nyayo za nani zinakwenda kwa nani mapema kabla watu hawajaamka. Kisha akaingia jikoni, akasogeza debe la unga, akaiweka chumvi yake kando ya ile yangu, akatoka.

Kesho yake nilipoamka alikuwa ameshavaa koti, amesimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Haya, mayu," akasema. "Leo kimeisha nini?"